MAZUNGUMZO YA KARANI: Motokaa Iliyopewa Pumzi



Wasomaji wapenzi, nimepata barua ya kijana mmoja ambaye amejiundia motokaa kwa mikono yake mwenyewe. Anasema hivi: "Karani, gari langu tambarare linakwenda, lakini kwenye mlima linakufa. Watu wananiambia nilitie tabo. Je, nifanye hivyo, au nitaiharibu injini?"

Huenda wengine watasema, karani wa parokia na mambo ya injini wapi na wapi? Kazi yake ni vitabu vya ubatizo na ndoa. Ni kweli, mimi si fundi. Lakini habari hii ya tabo naijua, tena naijua kwa aibu, na aibu yenyewe nitaieleza mbele. Nanyi akina mama msigeuze ukurasa. Siku ya uchungu mnapopandishwa garini kwenda hospitali, mnapanda pamoja na uangalifu au uzembe wa yule aliyeitunza injini.

Tabo ni kitu gani?

Injini hula vitu viwili, mafuta na hewa. Mafuta tunayanunua, kwa hiyo tunayahesabu. Hewa ni ya bure, kwa hiyo tunaisahau. Lakini kilo moja ya dizeli, ili iungue sawasawa, yahitaji hewa kilo 14 na nusu hivi, nayo ni hewa ya kujaza chumba kidogo cha kulala. Ukitia dizeli nyingi pasipo hewa ya kutosha, haiungui yote. Inatoka nyuma kama moshi mweusi, na fedha yako inatoka pamoja nao.

Tena hewa ya kwetu huku nyanda za juu ni nyepesi. Penye mita 2,000 juu ya bahari, uzito wake ni kama sehemu nne kwa tano tu za hewa ya Dar es Salaam. Ndiyo maana gari linalokwenda vizuri pwani, likifika kwetu linahema kama mzee aliyebeba gunia.

Mmemwona mhunzi na mivukuto yake. Makaa ni yale yale, lakini mivukuto ikivutwa moto unakuwa mweupe na chuma kinalainika. Basi tabo ni mivukuto ya injini. Ila mhunzi anahitaji kijana wa kuvuta, na tabo haina kijana. Inasukumwa na moshi wa injini yenyewe. Moshi utokao kwenye silinda una moto na nguvu nyingi, nao kwa kawaida hupotea bure kwenye eksozi. Katika tabo moshi huo unapitishwa kwanza kwenye gurudumu dogo lenye mapanga, kama maji yanavyozungusha gurudumu la kinu. Gurudumu hilo limeungwa kwa shafti moja na gurudumu jingine upande wa pili, nalo huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikizidi, mafuta huungua vizuri, nawe waweza kuongeza mafuta kidogo na kupata nguvu zaidi kwa injini ile ile.

Ni kitu kidogo cha kupakata, lakini msikidharau. Shafti yake yaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, ndiyo kusema zaidi ya mara 1,600 kwa sekunde. Upande mmoja una moto wa kufanya chuma kiwe chekundu, upande wa pili unavuta hewa ya baridi. Na katika tabo nyingi shafti hiyo haikai juu ya gololi. Inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Shikeni neno hili la oili, maana habari yangu yote inategemea hapo.

Nani aliyeibuni?

Si kitu cha jana. Alikuwako Mswisi mmoja, mhandisi Alfred Büchi, mzaliwa wa Winterthur. Mwaka 1905 alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake huo. Lakini vyuma vya siku zile vilikuwa havistahimili moto, hata ikapita miaka 20 ndipo alipofaulu barabara, mwaka 1925, kwa kuongeza nguvu ya injini ya dizeli kwa zaidi ya sehemu 40 kwa 100. Miaka hiyo hiyo ya 1920 meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa tabo, na nguvu ya injini zake ikapanda kutoka farasi 1,750 hadi 2,500. Miaka 20 ya kungoja! Ninyi vijana mnaokata tamaa kwa nati moja iliyokatika, mfikirini mtu huyo.

Huko Marekani mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss alipandisha injini ya ndege juu ya mlima wa Pikes Peak, wenye mita 4,300, ili aone hewa nyepesi inafanya nini. Bila tabo, injini ile ya farasi 350 ilitoa 230 tu kule juu. Ilipofungwa tabo ikarudi kutoa zaidi ya 350. Basi sisi watu wa milimani tuna haki ya kukipenda chombo hiki kuliko watu wa pwani.

Na kuna mfano wa tatu, wenye fundisho. Mwaka 1962 kiwanda cha Oldsmobile huko Marekani kilitoa gari dogo la petroli lenye tabo, likaitwa Jetfire. Ili injini isigonge kwa joto, walitia chupa ya maji yaliyochanganywa na spiriti ya methanoli, nayo ilinyunyiziwa ndani ya injini. Mwenye gari alipaswa kuijaza chupa hiyo kila ilipokwisha. Wengi walisahau. Chupa ilipokuwa tupu gari lilipunguza nguvu lenyewe kujilinda, na watu wakanung'unika kwamba gari ni baya. Mwishowe wengi waliondolewa tabo wakafungiwa kabureta ya kawaida. Chombo kilikuwa na akili, lakini kilitaka mtu wa kukumbuka. Na kukumbuka, ndugu zangu, ndiko kunakotushinda.

Fundi wetu

Katika kigango kimoja cha parokia yetu yuko kijana aliyejifunza ufundi gerejini mjini, akarudi nyumbani mwaka 2019. Alinunua chesisi ya pikapu iliyokwisha kutupwa, akapata injini ya dizeli ya silinda nne kutoka gari jingine, giaboksi kutoka la tatu. Bodi ya nyuma aliiunda kwa mbao za misindano. Watu walimcheka miaka miwili. Mwaka 2021 alilipeleka gari lake kukaguliwa, likaandikishwa, na waliocheka wakawa wa kwanza kuomba lifti.

Gari hilo lilibeba viazi, saruji, mabati ya kanisa, na wagonjwa. Kutoka kwetu hadi hospitali ni kilometa 31, na njiani uko mlima. Likiwa na mzigo, lilipanda kwa gia ya kwanza, polepole kama kinyonga, huku moshi mweusi ukifunika migomba ya watu. Usiku mmoja wa Februari 2022 mama mmoja alijifungulia pale pale mlimani, katika baridi na mvua, kwa sababu gari halikuweza kuwahi. Mungu alisaidia, mama na mtoto walipona. Mtoto huyo nilimwandika mwenyewe katika kitabu cha ubatizo.

Baada ya hapo jumuiya zetu zilikubaliana kuchanga ili fundi anunue tabo. Waliotoa fedha walitoa fedha, waliotoa viazi walitoa viazi. Mimi nilichaguliwa kutunza fedha, na kuandika kitabu cha gari: safari, kilometa, mafuta, na siku ya kubadili oili. Na kwa kuwa najua kuendesha, nilipewa kushika usukani siku ambazo fundi yuko shambani.

Namna alivyoifunga

Fundi alipata kitabu cha maelezo kilichoandikwa kwa Kiingereza. Jioni nyingi tulikaa ofisini kwangu tukakisoma. Mimi nilijua maneno, yeye alijua vitu. Haya ndiyo aliyoyafanya, nawe kijana uliyeniandikia uyashike.

Kwanza, aliipima injini kabla ya kununua chochote. Alipima mshindilio wa kila silinda, akatazama kama moshi unapumua kwenye kifuniko cha oili. Injini iliyochoka usiifunge tabo. Mgonjwa hatwishwi mzigo.

Pili, aliichunguza tabo yenyewe, maana ilikuwa imetumika. Aliizungusha shafti kwa vidole. Kucheza kidogo sana kwa pembeni si neno, lakini mapanga yasiguse ukuta, na shafti isiende mbele na nyuma. Panga lililobonyea hata kidogo, achana nalo. Tena alihakikisha ukubwa unalingana na injini. Tabo kubwa mno huchelewa kuamka, na ndogo mno huikaba injini.

Tatu, njia za oili. Mrija wa kuleta oili aliuunga mahali pa swichi ya taa ya oili, kwa kiungo chenye matawi mawili. Mrija wa kurudisha ni mnene, unateremka moja kwa moja bila kupinda, na unaingia kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Oili hapo hairudi kwa kusukumwa, inarudi kwa kuanguka tu. Ukiukunja mrija huo, oili itajaa ndani ya tabo na kuvuja kwenye eksozi, nawe utailaumu tabo bure. Na kwenye viungo vya oili usipake gundi ya gasketi, maana kipande kikimeguka kitaziba tundu dogo.

Nne, hewa. Alifunga filta mpya, kubwa, mbali na vumbi na joto, na kila mpira akaukaza kwa klempu mbili. Punje ya mchanga ikiingia kwenye mapanga yanayozunguka mara 1,600 kwa sekunde, ni kama risasi.

Tano, kuwasha mara ya kwanza. Usiwashe tabo ikiwa kavu. Alimimina oili safi kwenye tundu lake, akaizungusha shafti kwa mkono. Akakata dizeli, akapiga stata kwa vipindi mpaka taa ya oili ikazimika. Ndipo aliporudisha dizeli na kuwasha, akaiacha injini iungurume taratibu dakika kadhaa bila kukanyaga mafuta, huku akitafuta mahali panapovuja.

Sita, kiasi. Hapa vijana wengi hupotea. Injini ambayo haikutoka kiwandani na tabo haikuumbwa kwa msukumo mkubwa. Fundi wetu alifunga geji ya kupima hewa, akakirekebisha kile kilango kinachopitisha moshi pembeni, ili hewa isizidi nusu kilo kwa sentimeta mraba. Alifunga na kipimo cha joto la moshi. Dizeli aliiongeza kidogo kidogo, akijaribu mlimani kila mara. Moshi ukiwa mweusi, alirudisha nyuma. Pistoni ni za aluminiamu, na aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za sentigredi. Mtu anayefungulia dizeli apate sifa ya mbio ataokota pistoni zake kwenye sampu.

Saba, breki na rejeta. Nguvu ikiongezeka, joto linaongezeka, na mwendo unaongezeka. Alizibua rejeta, akabadili breki za mbele na za nyuma, ndipo akalirudisha gari kukaguliwa tena. Asiyefikiri habari ya kusimama asifikiri habari ya kukimbia.

Mwezi wa Aprili 2022 gari lilipanda mlima ule kwa gia ya tatu, na watoto wakalikimbilia wakipiga vigelegele.

Aibu yangu

Sasa nifike pale nilipoahidi.

Katika kitabu kile cha Kiingereza mlikuwa na ukurasa wenye maneno mazito. Gari likitoka kupanda mlima au kuvuta mzigo, usizime injini papo hapo. Iache iungurume dakika moja au mbili. Sababu ni hii: injini ikizimwa, pampu ya oili inasimama, lakini tabo bado ni ya moto kama jiko. Oili iliyobaki ndani haitembei, inaungua hapo hapo, inageuka masizi magumu. Siku ya pili masizi yanaongezeka. Mwishowe njia ya oili inaziba kama chungu kilichoungulia uji. Ukurasa huo niliusoma mimi, kwa sauti yangu, nikaufasiri kwa Kiswahili.

Hospitali iko juu ya mlima. Lango liko pale pale unapomaliza kupanda. Mara nyingi nilipoendesha mimi, nilifika, nikazima, nikaruka chini kuwaita wauguzi. Nilijiona nina bidii. Wakati mwingine hapakuwa hata na mgonjwa, nilizima tu kwa mazoea.

Halafu kuna oili. Tulipatana ibadilishwe kila kilometa 5,000 pamoja na filta yake, kwa kuwa barabara zetu ni za vumbi. Zilipotimia, fedha zilikuwako sandukuni. Lakini sikukuu ya parokia ilikuwa imekaribia, na kwaya haikuwa na sare. Nikatoa fedha ya oili nikaikopesha kwaya, nikasema moyoni nitairudisha. Fundi aliniuliza mara mbili. Mara mbili nilimjibu, "Wiki ijayo, mdogo wangu."

Mwezi wa Desemba, usiku, tulikuwa tunampeleka mzee mmoja aliyekuwa na ngiri iliyokaza. Fundi anaendesha, mimi niko nyuma nimemshika mzee. Kwa siku kadhaa gari lilikuwa likipiga mluzi na kutoa moshi wa buluu, nasi tulisema tutatazama baada ya Noeli. Katikati ya mlima tukasikia kishindo. Kisha injini ikaanza kunguruma peke yake, kwa nguvu, ikipanda sauti. Fundi akatoa ufunguo, lakini injini haikuzimika. Shafti ilikuwa imekatika, na injini ilikuwa ikifyonza oili yake yenyewe na kuichoma kama dizeli. Yule kijana hakupoteza akili. Alikanyaga breki zote, akaweka gia ya nne, akaachia klachi kwa ghafula, na injini ikasongwa ikafa. Angechelewa dakika moja, ingepasuka.

Tulimbeba mzee kwa machela kilometa saba, usiku wa manane, mpaka barabara ya lami, ndipo tulipopata lori. Alipasuliwa alfajiri. Daktari alisema tungechelewa zaidi kidogo angekufa. Mzee yuko hai hata leo.

Jumapili yake, baada ya Misa, watu walikaa barazani wakiwa na hasira. Mmoja akasema, "Fundi ametununulia chuma chakavu." Mwingine akasema, "Fedha nyingine ameila, tujue tu." Fundi alisimama, akasema tabo ilikuwa nzima alipoinunua. Wakaguna. Akakaa. Nami nilikuwa nimekaa mbele yao, kalamu mkononi, naandika maneno yao katika kitabu cha mkutano. Nikanyamaza. Niliandika kila neno la kumshitaki, kwa mwandiko mzuri.

Jumatatu alikuja ofisini na gunia. "Shikamoo, mwalimu. Naomba kile kitabu cha gari."

Nikampa. Akatoa ile tabo kutoka guniani, ameifungua vipande viwili. Njia ya oili ilikuwa nyeusi, imejaa masizi magumu kama makaa. Akasema, "Huu si ugonjwa wa siku moja." Kisha akafungua kitabu na kufuata mistari kwa kidole chenye grisi. Mwandiko ulikuwa wangu. "Tarehe 11 Juni. Tumefika hospitali saa 8.40 usiku. Injini imezimwa saa 8.40." Akageuza ukurasa. Tena hivyo hivyo. Mara 11 alizihesabu, zote zikiwa safari zangu. Halafu akatazama safu ya oili. Tangu tabo ifungwe, kilometa 9,800, na safu ilikuwa tupu.

Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mwalimu, ukurasa ule ni wewe uliyenisomea."

Sikuwa na jibu. Akakusanya vyuma vyake. Mlangoni akageuka akasema, "Mimi sitasema neno. Nakuachia wewe."

Wasomaji wapenzi, juma lile sikulala. Nilikwenda kuungama. Nilidhani nikipewa malipizi mambo yatakwisha. Lakini padre aliniambia wazi kwamba mtu aliyemharibia mwenzake jina, au aliyenyamaza linapoharibiwa, lazima alirudishe jina hilo mahali pale pale lilipoharibiwa. Kuungama sirini ni kwa Mungu. Fundi hakushitakiwa sirini.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi baada ya Misa. Nilisimama na kile kitabu, nikasoma mistari yote 11, na safu ile tupu, na habari ya fedha ya kwaya. Miguu ilitetemeka kuliko siku yangu ya kwanza ya kufundisha katika mazoezi ya chuo cha ualimu. Nilisema nitauza nguruwe wangu wawili, na kinachopungua kitoke kwenye mshahara wangu mpaka tabo nyingine ipatikane. Watu walikaa kimya. Ndipo bibi mmoja mzee akasema kutoka nyuma, "Karani, fedha tutapokea. Lakini mbona unatuomba radhi sisi? Aliyeitwa mwizi yuko pale."

Kweli. Nilitoka mbele, nikamwendea kijana yule, nikamwomba radhi mbele ya watu wote. Alinipa mkono. Haukuwa mkono wa haraka, lakini alinipa.

Namna tunavyoitunza sasa

Tabo ya pili ilifungwa mwezi wa Aprili 2023, nayo mpaka leo inapiga kazi. Kabla ya kuifunga, fundi aliosha njia zote za oili, akatoa filta ya zamani, akasafisha mabomba ya hewa mpaka yakawa makavu, maana vipande vya tabo iliyokufa huua ile inayofuata. Na taratibu zetu ni hizi.

Ukiwasha asubuhi, usikanyage mafuta. Ngoja kidogo oili ifike kwenye tabo ndipo uondoke.

Ukifika baada ya mlima, mgonjwa ashushwe mara moja, lakini injini iache inaunguruma. Fundi alituwekea kipimo ambacho hakuna anayekisahau: Baba Yetu moja, Salamu Maria tatu, na Atukuzwe Baba, kwa taratibu, kwa ajili ya mgonjwa. Ukimaliza, tabo imepoa na mgonjwa ameombewa. Dereva anayezima kabla ya Atukuzwe Baba anaonywa hata na watoto.

Oili na filta yake hubadilishwa kila kilometa 5,000, na fedha yake haikopeshwi kwa kwaya, wala kwa harusi, wala kwa karani. Kijiti cha kupimia oili hutazamwa kila Jumamosi.

Filta ya hewa hutazamwa kila wiki mbili wakati wa kiangazi. Ikijaa vumbi hubadilishwa. Hatuendeshi bila filta hata kwa siku moja.

Jifunzeni kusoma moshi. Moshi mweusi ni hewa pungufu, pengine mpira umechanika au filta imeziba. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mluzi mpya au mlio wa kusaga ni wito wa kusimama leo, si baada ya Noeli.

Msiegeshe juu ya nyasi kavu wala karibu na paa la makuti au nyasi baada ya safari ndefu, maana chuma kile chaweza kuwasha moto. Watoto wasisogeze mikono kwenye injini.

Kwa wewe kijana

Sasa wewe uliyeniandikia, jibu langu ni hili. Ndiyo, waweza kulitia gari lako tabo, kama injini ni nzima, kama una breki, na kama una fundi anayeogopa kipimo kuliko anavyopenda sifa. Lakini kabla ya kuhesabu fedha ya kuinunua, hesabu fedha ya oili ya mwaka mzima. Kama huna hiyo ya pili, hiyo ya kwanza kaa nayo.

Tena nunua daftari. Liandike kila siku, kwa ukweli, hata siku unayokosa. Mimi daftari langu lilinishitaki, nami nalishukuru. Lisingekuwapo, kijana asiye na kosa angeitwa mwizi mpaka leo, na mimi ningekuwa karani mwenye mwandiko mzuri na dhamiri iliyojaa masizi.

Wasalaam. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.

Ni mimi, Karani wenu.